Moto wa nje: historia ya mwangaza wa uwanjani kwetu Luvungi

Tumezoea kuandika juu ya ndoa, mavuno, ngoma na majina ya koo. Leo tumechagua jambo ambalo wengi wanaliona dogo: mwangaza wa nje ya nyumba. Vijana wetu wananunua taa za jua Bukavu, Uvira au hapa hapa sokoni, wanazitundika juu ya mti au kwenye ukuta, kazi imekwisha. Hakuna anayeuliza taa iangalie wapi, iwake saa ngapi, wala jirani atalala namna gani. Sisi tunasema kwamba bazee wetu walikuwa na desturi juu ya mwangaza wa nje, na kwamba desturi hiyo ina faida hata leo, pengine kuliko zamani.

1. Swali la Koko

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa nyumba yetu alileta taa kubwa ya jua, ile yenye plaki yake juu na ampuli nyingi ndogo chini. Akaifunga kwenye mwembe ulio mbele ya parseli, ikaangalia barabarani. Usiku ulipoingia uwanja wote ukawa mweupe kama mchana. Watoto wakapiga kelele kwa furaha. Koko akatoka jikoni, akasimama, akauliza:

"Ni kilio gani hapa? Nani amekufa?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Kijana akamweleza: "Koko, hii ni ya usalama. Mwizi akikuja tutamuona."

Koko akajibu: "Na yeye atakuona wewe. Giza inatuficha, hii inatuonyesha. Weye unawashia nani?"

Swali hilo, "unawashia nani?", ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tulipoanza kuuliza wazee wengine tulikuta kwamba Koko hakuwa anaogopa vitu vipya. Alikuwa anasoma taa kama barua, kwa sababu alikulia katika wakati ambapo kila moto wa nje ulikuwa na maana, na kijiji kizima kiliijua.

2. Moto wa bazee

Luvungi iko katika bonde la Ruzizi, kando ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Uvira. Tuko karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta. Kwa hiyo mwaka mzima jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, na giza linaingia haraka, bila kungoja. Usiku wetu ni wa saa kumi na mbili, masika na kiangazi. Watu waliokaa hapa, Bafuliiru, Barundi na wengine, walilazimika kuwa na akili ya kuishi na giza.

Moto wa kwanza wa nje ulikuwa wa ng'ombe. Wafugaji waliwasha moto katikati ya zizi jioni, wakauweka majani mabichi na mavi makavu ili utoe moshi wa kufukuza mbu na nzi. Barundi wanauita igicaniro. Mwangaza wake ulikuwa mdogo, lakini pale ndipo wanaume walipoketi, walipohesabu mifugo, walipoamua kesi ndogo na kuwafundisha vijana maneno. Moto wa jikoni ulikuwa wa mama na watoto. Hadithi zilisimuliwa hapo.

Moto wa pili ulikuwa wa njiani. Mtu aliyetoka usiku alishika mwenge wa matete makavu, ambayo hayakosekani kando ya Ruzizi. Mwenge ukionekana unatembea haraka, watu walijua: kuna mgonjwa, au mwanamke ameshikwa na uchungu. Waliamka bila kuitwa. Na aliyefika kwenye nyumba ya mtu hakuingia kimya hadi motoni. Alisimama mbali, akapiga hodi, akataja jina lake na la baba yake, kisha akangoja. Aliye karibu na moto anaonekana, lakini yeye haoni aliye gizani. Basi heshima ilikuwa kwamba mwenye kufichwa na giza ajitaje kwanza.

Moto wa tatu ndio aliouona Koko juu ya mwembe: moto wa kilio. Mtu akifa, moto mkubwa huwashwa uwanjani na hauzimwi usiku. Wageni wanalala kando yake siku za matanga. Ndiyo maana kwa mzee wa kwetu uwanja unaowaka usiku kucha una maana mbili tu: kuna msiba, au kuna harusi. Kama hakuna msiba wala harusi, mwangaza huo unasema uongo.

Tukumbuke pia moto wa furaha, ule wa kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, wadudu hao wenye mabawa hutoka ardhini na kufuata mwangaza. Watoto waliweka beseni la maji chini ya mwenge, baadaye chini ya taa, wakakusanya mboga ya asubuhi. Hapo moto uliwashwa kwa makusudi ya kuita. Hata watoto walijua sheria ya kwanza: mwangaza unaita.

3. Mafunzo ya ziwani

Sheria hiyo ndugu zetu wa ziwa wanaijua kuliko sisi. Ziwa Tanganyika liko kilomita zipatazo 60 kusini ya Luvungi, na samaki wakavu tunaokula wanatoka huko Uvira. Ndagala, ambao Watanzania wanaita dagaa, huvuliwa usiku kwa mwangaza. Zamani wavuvi waliwasha kuni mbele ya mtumbwi, ndagala wakapanda juu wakifuata moto, wakachotwa kwa wavu wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 zikaingia taa za petroli za kupiga pampu, zile za Petromax kutoka Ujerumani, pamoja na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu mkubwa wa kuinua. Siku hizi taa za LED zenye betri zimechukua nafasi ya petroli katika mitumbwi mingi.

Lakini vifaa vyote hivyo havijabadilisha jambo moja. Mwezi unapokuwa mpevu, wavuvi wanabaki nyumbani siku kadhaa, kwa sababu mwangaza ukienea kila mahali, taa yao haiiti tena. Ndagala wanatawanyika. Taa ina nguvu kwa sababu ya giza lililo kando yake. Nasi tuliyasahau hayo tulipotaka kufukuza giza lote uwanjani.

4. Petroli na taa ya kopo

Petroli ilifika vijijini wakati wa ukoloni pamoja na maduka ya barabarani. Matajiri wachache, mapadre, walimu na makarani walikuwa na taa ya kandili yenye kioo, isiyozimwa na upepo. Watu wengine walitengeneza taa ya kopo: mkebe wa maziwa au wa tomati, utambi wa kitambaa, tone la petroli. Ng'ambo ya mto Barundi wanaiita agatadowa, na Watanzania wanasema koroboi. Ilitoa moshi mweusi puani, na ikianguka iliunguza mtoto au nyumba ya majani. Wengi kati yetu tulisoma masomo yetu ya shule mbele ya taa hiyo.

Kwa ajili ya nje, petroli ilileta badiliko ambalo halisemwi sana. Moto wa kuni ulikuwa wa wote. Aliyekosa alikwenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Petroli ilinunuliwa. Kwa mara ya kwanza mwangaza wa nje ukawa alama ya mali. Kandili iliyotundikwa barazani ilimwambia mpita njia: hapa kuna mwenye mshahara. Familia yenye akili iliitundika mgeni anapongojewa, ikaiingiza ndani mgeni akifika. Waswahili wanasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliisema kwa taa. Lakini hatukuiacha nje usiku kucha. Petroli ilikuwa ghali, na macho ya watu ni mengi.

Baadaye zikaja tochi za majiwe, yaani betri kavu. Tochi ilifanya kazi ya mwenge, lakini iliharibu desturi moja: mwenye tochi anamulika uso wa mwenzake wakati yeye mwenyewe haonekani. Ndiyo maana bazee walikasirika sana wakimulikwa usoni. Walisema ni kama kumuuliza mtu jina lake bila kutaja lako.

5. Mto wa umeme, bonde la giza

Hapa lazima tuseme neno juu ya umeme, kwa sababu tunaishi kandoni mwa mto wenye nguvu. Ruzizi inatoka ziwa Kivu, lililo karibu mita 1460 juu ya bahari, na kuingia Tanganyika, lililo karibu mita 770. Katika safari ya kilomita 117 hivi maji yanashuka karibu mita 700. Wabelgiji waliliona hilo. Kituo cha Ruzizi ya kwanza, karibu na Bukavu, kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kikapeleka umeme Bukavu na Bujumbura. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL. Mwaka 1983 ikazaliwa kampuni ya pamoja ya SINELAC, na kituo cha Ruzizi ya pili kikafunguliwa mwaka 1989. Ruzizi ya tatu imezungumzwa na kupangwa kwa miaka mingi.

Maji hayo hayo yanapita kwetu. Lakini umeme ulikuwa wa miji na viwanda. Nyumba nyingi za vijiji vya bonde hazikuunganishwa. Usiku tuliketi gizani tukaangalia ng'ambo taa za Bugarama upande wa Rwanda na za Cibitoke upande wa Burundi. Watoto waliuliza: kwa nini kule nyota ziko chini? Hatuandiki haya kwa kumshtaki mtu. Tunayaandika ili vijana wajue kwa nini, plaki za jua zilipofika, watu walizikimbilia kwa nguvu namna ile. Ilikuwa njaa ya miaka mingi. Na mwenye njaa haulizi chakula kimepikwa namna gani.

6. Miaka ya kuzima

Kuna sura nyingine ya historia hii ambayo haitoki vitabuni. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilipita katika bonde letu, na Uvira ikaanguka mwishoni mwa mwezi huo. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza. Baada ya hapo tulikuwa na miaka ya makundi yenye silaha, ya wizi wa ng'ombe, ya watu kugongewa milango usiku. Katika miaka hiyo mwangaza wa nje ulitoweka kabisa. Mama alipika mapema, akazima moto kabla ya giza. Neno lililosikika kila jioni lilikuwa: "Zimisha taa, batatuona!"

Wakati huo ndipo wengi walijifunza neno la Kifaransa couvre-feu, ingawa wazee wa mijini walilijua tangu ukoloni, wakati mtu mweusi alikatazwa kutembea usiku nje ya mtaa wake. Kwa asili yake neno hilo lina maana ya "funika moto". Ulaya ya zamani kengele ilipigwa jioni, watu wakafunika makaa yao. Kwetu lilikuja kuwa amri ya bunduki, lakini maana yake ya kwanza tuliitekeleza hivyo hivyo: tulifunika moto.

Hasara yake ilikuwa kubwa. Pamoja na moto wa nje yalizimika mazungumzo ya jioni. Mtoto aliyezaliwa miaka ile alikua bila kuketi na babu yake uwanjani. Tunapolalamika leo kwamba vijana hawajui mithali wala majina ya koo, tusiseme kwamba sababu ni simu peke yake. Mahali pa kufundishia palizimwa kabla simu hazijafika.

7. Plaki ya soleri na usiku wa 2025

Kisha simu za mkononi zikaingia, na simu inahitaji kuchajiwa. Plaki ya soleri ilinunuliwa kwanza kwa ajili ya simu, ampuli ikafuata. Taa za LED zilipopungua bei, petroli ikaanza kuondoka. Hilo ni jambo jema kabisa: macho ya watoto yamepona moshi, na nyumba zinazoungua ni chache. Watu wakaanza kutoka nje tena jioni.

Lakini zikaja pia taa zinazojiwasha zenyewe giza likiingia na kujizima asubuhi. Ile ya mwembe wetu ilikuwa ya namna hiyo. Nyingine hazina kizimio chochote unachoweza kukifikia kwa mkono.

Mwaka 2025 vita vilirudi katika barabara yetu: Februari vilifika Kamanyola, na Desemba vikashuka hadi Uvira. Usiku mmoja milio ilikuwa karibu. Nyumba zote zikazima, kama zamani, bila mtu kuamuru. Parseli moja tu jirani na sisi iliendelea kuwaka, nyeupe, juu ya nguzo ndefu. Mwenye nyumba hakuwa na njia ya kuizima. Ilibidi kijana apande juu ya nguzo, risasi zikilia, avike taa gunia la mihogo. Alishuka salama, tunamshukuru Mungu. Kwetu taa ilikuwa imezimwa tayari, kwa sababu tangu siku ile ya mwembe Koko alidai kizimio kiwe kando ya kitanda chake.

Hapo tulielewa. Taa usiyoweza kuizima inakutawala. Bazee walijua kuwasha na kujua kufunika, na kazi hizo mbili zilikuwa desturi moja.

8. Namna ya kuchagua na kuweka

Tusiishie kwenye kumbukumbu tu. Yafuatayo ni yale tuliyoyapata kwa kuunganisha mafunzo ya wazee na ya mafundi.

Kwanza, jiulize swali la Koko: unawashia nani? Kama ni kwa ajili ya watu wa nyumba, basi taa iangaze njia ya choo, ngazi, mlango wa jikoni na kisima. Haina sababu ya kuangalia barabara.

Pili, taa iangalie chini, iwe na kofia juu yake. Urefu wa mita 2 na nusu au 3 unatosha. Simama mlangoni kwa jirani yako usiku: ukiona ampuli yenyewe, si mwangaza wake tu, igeuze. Kummulika jirani dirishani ni kosa lile lile la tochi usoni.

Tatu, chagua rangi ya manjano kuliko nyeupe ya kibuluu. Inavuta wadudu wachache, na macho yanaona vizuri zaidi pembeni mwa giza. Usiiweke juu ya meza ya kulia wala juu ya mlango wa chumba cha kulala, maana wadudu wataingia pamoja na wewe.

Nne, usimulike shamba. Aina nyingi za mpunga na soya hungoja usiku mrefu ili zitoe maua. Zikiwekewa mwangaza usiku kucha zinachelewa. Bustani pia inahitaji kulala.

Tano, piga hesabu kabla ya kununua. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukiitumia kupita nusu kila usiku inakufa mapema. Basi una wati-saa 40 hivi, yaani taa ya wati 5 kwa saa 8. Plaki ya wati 20 inaweza kuirudishia nguvu hiyo siku ya jua. Plaki isiwe chini ya mwembe. Iangalie kaskazini kwa sababu tuko kusini ya ikweta, na iinamishwe kidogo, kama nyuzi 10, ili mvua ioshe vumbi. Nyaya zipite ndani ya bomba, maana panya na mchwa hawana huruma.

Sita, na hili ndilo kubwa: kizimio kiwe ndani ya nyumba, mahali ambapo hata mzee anafikia gizani. Kama taa inajiwasha yenyewe, chagua ile inayowaka mtu anapopita tu na kuzimika tena, lakini nayo iwe na kizimio.

Kwa kumaliza

Taa ya mwembe wetu haikutupwa. Tuliishusha, tukaifunga chini ya paa la jikoni, ikiangalia ardhi mahali ambapo zamani moto wa jioni ulikuwa. Duara lake la mwangaza linatosha watu kumi kuketi. Siku za amani tunaiwasha saa moja jioni, Koko anavuta kiti, watoto wanakaribia. Anaefika anasimama penye giza, anapiga hodi na kutaja jina lake. Saa tatu Koko anaingia ndani, na kabla ya kulala anabonyeza kizimio.

Tunaomba kila familia itakayosoma haya iwaulize wazee wake walikuwa wanawasha moto wa nje kwa sababu gani na kuufunika lini, na iyaandike majibu wakati wazee hao bado wapo.